Kompyuta mpya, haipavaiza haiwaki: msiirudishe bado, wala msiifute



Wiki hii presha na sukari tuziache zipumzike kidogo. Tangu vyuo vifunguliwe mwezi wa Septemba, swali ninaloulizwa sana na wazazi wa hapa na wa Nizwa si la dawa wala la chanjo. Ni hili: "Sista, tumemnunulia mtoto kompyuta mpya, na somo lake haliwaki. Tuirudishe dukani?"

Jibu fupi ni hili: msiirudishe bado, na asiachiwe mtu aifute. Jibu refu ndilo safu ya leo. Mwanafunzi asome mwenyewe, na mzazi asome pia, kwa sababu vilivyo hatarini si alama za mtoto peke yake. Ni makaratasi ya nyumba nzima.

Mtauliza, nesi na haipavaiza, wapi na wapi? Nilipokuwa ng'ambo kwa shahada yangu nilichukua somo la kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, na tangu hapo nina mashine ndogo nyumbani ninayojifunzia. Halafu kazini kwetu jambo hili linatugusa. Hospitali nyingi duniani huweka kumbukumbu zao kwenye seva ambazo ni mashine pepe zilizobebwa na haipavaiza. Ikigoma kuwaka, sisi ndio tunaorudi kwenye karatasi na kalamu huku wagonjwa wakisubiri.

Kisa cha kioo cha zambarau

Mama mmoja wa jirani yangu, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa huku, ana kijana anayesoma mitandao ya kompyuta chuoni Nizwa. Mwalimu aliwapa kazi ya wiki mbili: kila mmoja aweke haipavaiza kwenye mashine yake, aunde ndani yake mashine pepe tatu, aziunganishe ziwasiliane, kisha aandike ripoti. Familia ikachanga. Mjomba wa Muscat akaongeza kidogo, wakanunua kompyuta mpya ya mezani kwa rial 260.

Kijana akachomeka flashi yenye VMware ESXi. Maandishi yakapita mbio, kisha kioo kizima kikageuka rangi ya zambarau, kikajaa maandishi meupe, kikaganda. Akazima, akawasha, zambarau tena. Mara tatu.

Mnajua sifa ya Bahla. Oman nzima inatutania kwa hadithi za majini, na nyanya yake kijana hakuchelewa: "Mashine imeingiliwa hiyo." Dukani nako walikuwa na uganguzi wao. Wakasema mtoto ameiharibu, waachiwe waifute yote waanze upya, na ikikataa basi inunuliwe nyingine.

Sasa sikilizeni. Ndani ya wiki ile moja, mama alikuwa ameshahamishia kwenye kompyuta hiyo kila kitu kutoka simu yake ya zamani: nakala za pasi na kadi za ukaazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za harusi, na sauti za marehemu mama yake alizokuwa akimtumia kwa WhatsApp kutoka Unguja. Simu yenyewe imeshauzwa. Kwingine kokote hakuna nakala.

Na kuna jambo ambalo kijana hakulijua: haipavaiza ya aina hii inapowekwa, hufuta diski yote inayowekewa. Haikai pembeni ya Windows. Inachukua nyumba nzima. Kioo cha zambarau kilitokea kabla hata hajafika mahali pa kuchagua diski. Ile waliyoiona balaa ndiyo iliyoziokoa sauti za bibi.

Haipavaiza ni nini

Kwa mzazi ambaye neno hili ni geni: haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja iwe kama nyingi. Kila sehemu inajiona ni kompyuta kamili yenye prosesa, kumbukumbu na diski yake, na hizo ndizo mashine pepe. IBM walikuwa na wazo hili tangu miaka ya 1960 kwenye mashine zao kubwa. Kwenye kompyuta za kawaida lilienea baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa mwaka 1998, kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaanza kutia msaada wa kazi hiyo ndani ya prosesa zenyewe.

Ziko namna mbili. Ya kwanza inakaa moja kwa moja juu ya mashine, bila Windows chini yake: ESXi, Proxmox, Xen. Hii ndiyo inayofuta diski. Ya pili inakaa ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote: VirtualBox, VMware Workstation. Hii haifuti kitu. Mwanafunzi ajue kwanza mwalimu anataka ipi.

Kwa nini igome kwenye mashine mpya, wakati kwenye kompyuta kuukuu ya chuo inawaka? Kwa sababu haipavaiza hutengenezwa kwa ajili ya seva za maofisini, na ikiamka hukagua mashine: prosesa ikoje, kadi ya mtandao ni ya nani, diski iko wapi. Kompyuta mpya za nyumbani zimekuja na vitu ambavyo programu haikuvitarajia. Mara nyingi basi mashine ni nzima na programu ni nzima, ila hazijafahamiana.

Kabla hamjagusa chochote

Haya ni manne, na yafanywe kwa mpangilio huu.

La kwanza, nakala. Kila kitu cha familia kiwekwe kwenye diski ya nje au flashi, kisha flashi hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha picha zinaonekana na sauti zinasikika. Nakala ambayo haijafunguliwa msiihesabu.

La pili, ufunguo wa diski. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri pale tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila ya kumuuliza. Kila siku hamtaona tofauti. Lakini ukibadilisha mipangilio ya ndani ya mashine, Windows hushtuka ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, yaliyomo ndani hayafunguki tena, na hakuna fundi wa Nizwa wala wa Muscat atakayeyatoa. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Na hapo ndipo familia zetu zinapokwama, kwa sababu akaunti hiyo aliifungua kaka ambaye sasa yuko masomoni Malaysia na neno la siri kalisahau, au aliifungua kijana wa dukani kwa anwani ya duka.

Kwa yule mama ilikuwa hivyo hivyo, akaunti ni ya duka. Lakini maadamu Windows bado inawaka na mnaingia kama wasimamizi wa mashine, ufunguo mnaweza kuusoma wenyewe. Fungueni dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, muandike:

manage-bde -protectors -get C:

Itatokea namba ndefu yenye mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Iandikeni kwenye karatasi, muiweke pamoja na pasi za nyumba. Isiwekwe kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ikiwa diski haijafungwa, amri itasema hakuna ufunguo, na hapo mmepumua.

Msidhani hili ni la watu wa nyumbani tu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Viwanja vya ndege vilikwama, na hospitali za nchi kadhaa zikarudi kwenye karatasi. Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi, kufuta faili moja. Kilichowachelewesha mafundi wengi ni kwamba mashine nyingi zilidai kila moja ufunguo wake wa tarakimu 48, na funguo nyingine zilikuwa kwenye seva ambazo nazo zimeanguka.

La tatu, andikeni historia. Mgonjwa akija hatuanzi na sindano, tunaanza na maswali. Mashine ni ya kampuni gani, prosesa gani, imetoka mwaka gani? Haipavaiza ni toleo namba ngapi? Flashi ilitengenezwa kwa programu gani? Iliwahi kuwaka hata mara moja? Kitu gani kilibadilishwa kabla haijagoma? Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

La nne, pigeni picha kioo. Maandishi hayo ndiyo malalamiko ya mgonjwa kwa ulimi wake mwenyewe, na ukizima yanapotea. Simu inatosha. Mistari miwili mitatu ya juu ndiyo yenye habari.

Kuanzia hapo sharti ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, kisha ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja, ikiwaka hujui kilichoiponya, na ikizidi kuharibika hujui kilichoiua.

Soma dalili

Mipangilio ninayoitaja hapa iko kwenye programu ndogo inayoamka kabla ya Windows. Wazee wa kazi wanaiita BIOS, ya kisasa inaitwa UEFI. Unaingia kwa kubonyeza kitufe mara tu unapowasha. Dell nyingi ni F2, HP nyingi ni F10, nyingine ni Delete.

*VirtualBox inasema VT-x imezimwa au haipo.* Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Msaada wa prosesa haujawashwa. Kwanza hakikisha ndani ya Windows: fungua Task Manager, sehemu ya "Performance", bonyeza "CPU", utazame neno "Virtualization". Ikiwa "Disabled", ingia UEFI uwashe. Kwa Intel limeandikwa "Intel Virtualization Technology" au VT-x, kwa AMD ni "SVM Mode". Ikiwa tayari "Enabled" na bado VirtualBox inalalamika au inakwenda kwa kujikokota, tazama chini ya dirisha la mashine pepe. Ukiona kobe wa kijani, maana yake Windows yenyewe imeshaikalia nafasi ya haipavaiza kwa Hyper-V au kwa ulinzi wake wa kumbukumbu, na VirtualBox inapanda mgongoni. Kwa kazi ndogo ya darasani, mvumilie kobe. Kuzima ulinzi wa Windows kwenye kompyuta ya familia kwa ajili ya kazi ya wiki mbili sikushauri.

*Flashi haionekani kabisa, au mashine inaipita na kuingia Windows.* Flashi imetengenezwa kwa mtindo wa BIOS ya zamani, na mashine nyingi mpya zimeacha kuuelewa mtindo huo. Itengeneze upya kwa mtindo wa UEFI. Kwa Proxmox, ukitumia programu ya Rufus, chagua namna ya DD. Kabla ya hapo linganisha alama ya SHA-256 ya faili uliyopakua na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Intaneti ikikatika katikati ya kupakua, faili hufika na upungufu, na nusu ya magonjwa ya ajabu yanatoka hapo.

*Inaonekana, lakini mashine inakataa kwa sababu ya usalama.* Hiyo ni "Secure Boot", mlinzi wa mlangoni anayeruhusu programu zenye saini anayoitambua tu. Dawa bora si kumfukuza mlinzi, ni kuchukua toleo jipya lenye saini. ESXi wanayo tangu toleo la 6.5, na Proxmox tangu 8.1 la Novemba 2023. Ikibidi kumzima, kumbuka ufunguo wa tarakimu 48 kwanza.

*Kioo cha zambarau chenye maneno "Fatal CPU mismatch".* Hiki ndicho kisa cha kijana wetu. Tangu Intel walipotoa kizazi cha 12 mwezi wa Novemba 2021, prosesa zao nyingi za nyumbani zina viini vya namna mbili ndani ya kidonge kimoja: vikubwa vya kazi nzito, na vidogo vya kubana umeme. ESXi kwa kawaida inataka viini vyote vifanane. Ikiona havifanani, inasimama makusudi badala ya kuendelea kwa kubahatisha. Haijavunjika, imekataa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuzima viini vidogo kwenye UEFI, kama mashine yako inaruhusu. Ni salama zaidi, ila unapoteza sehemu ya nguvu uliyoilipia. Ya pili ni kuiambia isisimame. Inapoanza kupakia, bonyeza Shift pamoja na herufi O, na mwisho wa mstari uliopo acha nafasi kisha uongeze:

cpuUniformityHardCheckPanic=FALSE

Herufi kubwa na ndogo ziandikwe hivyo hivyo. Ukimaliza kuiweka, mara ya kwanza inapowaka utayaandika tena, kisha ukishaingia utaiamrisha iyakumbuke daima:

esxcli system settings kernel set -s cpuUniformityHardCheckPanic -v FALSE

Ukisahau hatua hii ya mwisho, kila ukizima na kuwasha zambarau itarudi, utadhani umerogwa kweli. Na jua kwamba kwa mtengenezaji hii si njia rasmi. Kwa maabara ya mwanafunzi inafaa. Kwa seva ya hospitali au ya benki, hapana.

*"No Network Adapters".* ESXi imewaka lakini inasema hakuna kadi ya mtandao, na hapo inagoma kuendelea. Kadi ipo, ila haijulikani. Toleo la 7.0 la mwaka 2020 liliacha viendeshi vya zamani, na kadi nyingi za Realtek, ambazo ndizo zimejaa kwenye kompyuta za bei ya kawaida, zikabaki nje. Tafuta kadi ya Intel iliyomo kwenye orodha yao, au tumia haipavaiza nyingine.

*Hakuna diski inayoonekana.* Kwenye mashine nyingi za Intel kuna mpangilio uitwao VMD au RST unaoificha diski. Ukiuzima, diski itaonekana, lakini Windows iliyomo humo huenda isiwake tena mpaka uurudishe. Usiguse hapa ikiwa Windows ya familia bado inahitajika.

*Proxmox inaanza, kisha kioo cheusi kimya.* Mara nyingi ni kadi ya picha. Kwenye orodha ya mwanzo chagua kuweka kwa maandishi, yaani "Terminal UI", iliyokuja na toleo la 8. Ikishindikana, bonyeza e, na mwisho wa mstari unaoanza na neno linux ongeza nomodeset.

Kijana aliishia wapi

Baada ya nakala na ufunguo kuwa mkononi, tuliisoma picha ya kioo. Mstari wa juu ulisema wazi kwamba prosesa hazifanani. Hakuna jini, hakuna uharibifu. Aliandika ule mstari mmoja na zambarau ikaondoka palepale. Ikaja "No Network Adapters". Kijana akakata tamaa, akasema, "Dada, si ni bora tungeirudisha tu?" Nikamwambia aangalie vizuri, maana tatizo la pili si la kwanza kurudi. Ukipanda ngazi na ukakuta ngazi nyingine mbele, umepanda.

Kadi ya Intel ingegharimu pesa na siku, na siku zilizobaki ni nne. Nikamuuliza, mwalimu anataka ESXi, au anataka haipavaiza yoyote inayobeba mashine pepe tatu? Hakujua. Akamwandikia mwalimu kwa adabu, akaeleza alichokiona, akaambatanisha picha mbili na ukurasa wake wa daftari. Mwalimu akajibu kwamba Proxmox inakubalika, na ule ukurasa autie kwenye ripoti.

Proxmox imejengwa juu ya Linux, nayo Realtek inaifahamu, wala haina ugomvi na viini vya namna mbili. Duka, baada ya kuulizwa kwanza ili dhamana isivunjike, liliweka diski ya pili ndogo na kuichomoa ile ya familia wakati wa kazi. Hilo la kuichomoa ndilo nililolisisitiza. Diski isiyokuwemo haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Kazi ilikabidhiwa siku moja kabla ya muda. Sauti za bibi ziko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye simu ya mjomba Muscat.

Lini kweli ni mashine

Sitaki mkariri kwamba mashine haina kosa siku zote. Ziko dalili za kuirudisha: ikizima yenyewe hata ndani ya Windows, ikigoma na flashi mbili tofauti zilizohakikiwa, kila mara mahali tofauti, au ukipima kumbukumbu kwa Memtest86+ usiku mzima na mistari myekundu ikatokea. Hitilafu inayotokea mahali pale pale kila mara mara nyingi ni ya kutofahamiana. Inayorukaruka mara nyingi ni ya chuma. Kama ni hiyo, nendeni dukani na daftari lenu na picha zenu. Anayekuja na ushahidi husikilizwa tofauti na anayekuja na hasira.

Kwa wazazi na wanafunzi

Kwa wazazi: siku ya kununua kompyuta, akaunti ya kwanza ifunguliwe kwa anwani ya mzazi, mbele yenu, na neno la siri libaki kwenu. Na mtoto akisema "haiwaki", msianze na "umeifanya nini?" Mwanafunzi aliyeogopeshwa huficha alichobonyeza, kama mgonjwa anayeficha dawa za miti shamba alizokunywa, na tiba inachelewa.

Kwa wadogo zangu wanafunzi: kabla ya kununua mashine kwa ajili ya somo, tafuteni orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na haipavaiza yenyewe. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa ya Intel kabla ya kizazi cha 12 na kadi ya mtandao ya Intel, mara nyingi inafaa kwa maabara kuliko mpya inayong'aa, na inakuachia akiba ya kutuma nyumbani. Kama mashine ni moja tu nyumba nzima, fanyeni kazi ndani ya Windows. VirtualBox ni ya bure, na VMware Workstation nayo ni ya bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024. ESXi ya bure iliondolewa mwanzoni mwa 2024 baada ya Broadcom kuinunua VMware, ikarudishwa Aprili 2025. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya kale, tazama yameandikwa lini.

Usiku huu, kabla ya kulala, fanyeni moja tu: tafuteni ule ufunguo wa tarakimu 48 wa kompyuta ya nyumba yenu, muuandike kwenye karatasi. Ni kazi ya dakika tano.

Wiki ijayo inshallah tunarudi kwenye afya: macho ya watoto na vioo vya simu. Mwenye swali aandike. Wasalaam.